Wazimu na Njia ya Mirembe

Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mtu anayeugua akili, na karibu yote yamekwisha geuka matusi. Mwendawazimu, kichaa, mwehu, majnuni, punguani, hamnazo. Na vijana wa Mwanza, ambao hawapitwi na jipya, husema dishi la fulani limeyumba, kana kwamba kichwa cha binadamu ni sahani ya televisheni iliyosukumwa na upepo wa ziwa. Ukipita Makoroboi au Mlango Mmoja asubuhi utayasikia yote hayo kabla hujafika mwisho wa soko, na aghalabu anayeitwa hivyo ni mtu mzima wa afya aliyekosea kurudisha chenji. Mgonjwa mwenyewe amekaa kando, na jina lake linatumika kuwatukania wengine.

Makala haya yanafuatilia historia ya majina hayo, na hasa ya jina moja ambalo halimo katika orodha hiyo kwa kuwa si neno la kamusi: Mirembe. Ninaandika kutoka Nyamagana, ufukweni mwa ziwa, kwa wasomaji ambao wengi wao wanaishi ufukweni mwa bahari. Lakini msomaji wa Unguja akiweka Kidongo Chekundu mahali pa Mirembe, wa Nairobi akaweka Mathari, na wa Kampala akaweka Butabika, hatapotea njia.

Tuanze na neno kongwe. Wazimu ni ndugu wa mzimu na kuzimu, na jamaa yake wa mbali ni zimwi wa hadithi za usiku. Ukoo wake umetapakaa katika lugha za Kibantu: Waganda wana omuzimu, Wanyarwanda wana umuzimu, Washona wana mudzimu, na kote humo maana haiachani na roho za waliokufa. Mwenye wazimu, kwa asili ya neno, ni mtu aliyejiwa na wafu. Majnuni, lililotufikia kwa Kiarabu, limejengwa vivyo hivyo: ni mtu aliyeguswa na majini. Hata Waingereza, katika sheria zao za zamani, walimwita mgonjwa wa aina hii kwa jina lililotokana na luna, yaani mwezi kwa Kilatini, kana kwamba akili nayo hujaa na kupwa kama bahari. Kila taifa lilitafuta mshtakiwa nje ya mgonjwa. Wafu walishtakiwa, majini wakashtakiwa, mwezi ukashtakiwa. Mgonjwa alikuwa mwenye kudhulumiwa.

Kichaa lina mwenendo mwingine. Ni jina la ugonjwa, na papo hapo ni jina la mtu. Limo katika ngeli ya KI-VI pamoja na kipofu, kiziwi, kiwete na kilema, na wako wanaodai kwamba ngeli hiyo ni ushahidi kuwa Waswahili waliwashusha wenzao hadi daraja la vitu. Mimi hoja hiyo hainitoshi, kwani kiongozi na kijana wamo humo humo na hakuna aliyelalamika. Ninachokiona kizito zaidi ni ile tofauti baina ya "ana kichaa" na "ni kichaa". Hatujapata kusema kwamba mtu ni malaria. Malaria humpata, ikamtoka, naye akabaki kuwa Juma au Neema kama alivyokuwa.

Kwa wapenzi wa ushairi pana jambo la kutafakari hapa. Majnuni tunayemjua vitabuni ni Kais, aliyempenda Laila mpaka akakimbilia jangwani na kuishi na wanyama. Karne kwa karne washairi wa Kiarabu, Kiajemi na Kituruki wamemtukuza, na sisi tumeirithi ada hiyo: ni nadra kuifungua diwani ya mapenzi usimkute mtunzi anayedai kwamba amerukwa na akili. Wazimu wa kupenda umekuwa nishani. Lakini Kais angepita leo kando ya mto Mirongo, nguo zimemchanika, akisema na mwanamke asiyeonekana, watoto wangemfuata kwa mawe na watu wazima wangecheka. Tumeupenda wazimu katika beti, tukauogopa barazani.

Na haikuwa lazima iwe hivyo. Elimu ya Kiislamu iliyoilea pwani yetu ilimwondolea mgonjwa wa akili dhima ya matendo yake mpaka apate nafuu, na Sura ya An-Nisaa inaagiza kwamba asiyemudu kuangalia mali yake alishwe, avishwe na asemezwe kwa wema. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja, akazitazama huzuni na hofu kuwa maradhi yenye tiba kama yalivyo maradhi ya mwili. Mjini Cairo hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili. Nayataja haya kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba kumwona mwenye wazimu kuwa ni mgonjwa ni fikra iliyoshuka bandarini juzi pamoja na Wazungu.

Huku ziwani, Wasukuma huziita roho za wahenga masamva. Mtu akibadilika ghafla, akakataa kula, akazungumza peke yake au akapotea porini, jamaa zake walikwenda kwa mganga, nfumu kwa lugha yao, kuuliza masamva wanataka nini. Jibu laweza kuwa sadaka, au jina la babu lililosahauliwa, na mara nyingine jibu ni kwamba mgonjwa huyo anaitwa kuwa mganga. Waganga wengi wa Usukuma husimulia kwamba kazi yao ilianza kwa ugonjwa wa namna hiyo. Anayefika Bujora, katika makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement, ataiona nyumba ya mganga imejengwa miongoni mwa nyumba nyingine za heshima. Wasomaji wa visiwani hawana haja ya kufafanuliwa. Katika ngoma za pepo, iwe kibuki au nyingineyo, aliyepandwa huitwa kiti, na kiti kina mahali pake ukumbini. Ana jina, ana wenzake, ana siku zake za kuhudumiwa. Aliyeanza kama mgonjwa huweza kumaliza akiwa fundi.

Nisieleweke kwamba nawasifia wazee kupita kiasi. Kamba zilikuwepo, na magogo ya kufungia miguu, na viboko vya kumtoa pepo ambaye mgongo uliovimba haukuwa wake. Tena tabia ya kumtafuta mshtakiwa nje ya mgonjwa ilikuwa na gharama yake, kwa maana mshtakiwa si kila mara alikuwa marehemu. Pale ilipoaguliwa kuwa ugonjwa umetumwa na jirani, jirani ndiye aliyelipa. Usukumani walioumia zaidi ni vikongwe wanawake, ambao macho yao yaliiva kwa moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe, na wekundu huo ukahesabiwa kuwa alama ya uchawi. Wengi wameuawa kwa kosa hilo, na si zamani za kale. Unyonge uliondolewa kwa mmoja ukatwikwa mwingine aliye mnyonge zaidi.

Kifafa nacho kina mkasa wake. Daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge mwaka 1960, aliwakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Walianguka jikoni, na jamaa zao waliogopa kuwagusa kabla degedege halijaisha, wakiamini kuwa ugonjwa unaambukiza kwa mate. Walikula peke yao, walilala peke yao. Kwa hiyo kutengwa hakukuja kote na mkoloni.

Hata hivyo kuna kutengwa kwa aina moja ambako kuna tarehe ya kuzaliwa, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Katika koloni la Wajerumani, mahali palipokuja kujulikana kwa kulaza wagonjwa wa akili ni Lutindi, juu katika milima ya Usambara, upande wa Korogwe. Kituo kile kilianzishwa mwaka 1896 na wamisionari waliofungamana na Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, ambako tangu mwaka 1867 walikuwa wakitunzwa wenye kifafa. Lutindi ilianza kama makimbilio ya watoto waliookolewa utumwani. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, ikawa nyumba ya wagonjwa wa akili, na mpaka leo ni hospitali, wagonjwa wakishiriki kazi za shamba na za mikono. Nyumba ya waliofunguliwa minyororo ikawapokea watu wengine waliozijua kamba.

Waingereza walipochukua nchi waliifanya kazi hiyo kuwa ya serikali. Mwaka 1927 ilianzishwa Mirembe, pembeni mwa mji wa Dodoma. Mwaka uliofuata, 1928, reli iliyotokea Tabora ilifika Mwanza. Sidhani kama kuna ofisa aliyeyapanga mambo haya mawili yakutane, lakini yalikutana. Tangu hapo ikawezekana kumchukua mtu ufukweni mwa ziwa, kumpandisha treni, kumpitisha Shinyanga na Tabora, na kumteremsha Dodoma, zaidi ya kilomita 700 kutoka kwao.

Ilikuwa reli ya pamba. Shehena iliyokusudiwa ni marobota kwenda bandarini na bidhaa za dukani kurudi. Ndani ya safari hizo alikuwemo pia, mara chache lakini mara za kutosha, abiria ambaye hakukata tiketi mwenyewe. Sheria za enzi hizo ziliwapa askari na hakimu nafasi ya mbele katika safari yake: ilibidi athibitishwe, aandikiwe amri, asindikizwe. Mwenye homa alipelekwa hospitali na mama yake. Mwenye wazimu alipelekwa na mtu mwenye sare. Waliosimama stesheni kutazama hawakuhitaji kufundishwa tofauti ya mambo hayo. Waliona mahabusu.

Kama mfasiri, naifikiria zaidi siku yake ya kwanza huko alikofika. Mzee wa Kisukuma au wa Kikerewe wa miaka ile huenda Kiswahili alikijua kwa shida. Daktari alifikiri kwa Kiingereza. Baina yao yupo mkalimani aliyekigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, na labda mwingine wa kukigeuza Kiswahili kuwa Kisukuma. Mgonjwa anasema masamva wanamwita. Neno hilo likivuka daraja la kwanza linakuwa mizimu. Likivuka la pili linakuwa sauti zisizokuwepo. Yaliyoandikwa katika faili ni dalili ya ugonjwa, na huenda kweli alikuwa mgonjwa, sina ubishi. Lakini kwao neno lile lingemletea swali la pili, "wanasema nini?", na katika faili halikuwa na swali la pili.

Kisha tulipokee lile lililotokea nyumbani baada ya treni kuondoka. Zamani kijiji kilimwona mtu akiugua, na kilimwona vilevile akipona, maana wengi hupata nafuu, wengine kwa miezi, wengine kwa miaka. Walimwona akirudi shambani, akioza binti, akigombea mpaka na jirani kama watu wengine. Mirembe ilipoingia katikati, kijiji kilibakiwa na nusu ya hadithi. Kilimwona akipiga kelele, kikamwona akipelekwa. Kupona kulifanyika Dodoma, mbali na macho. Aliyerudi alirudi kimya kimya, na jamaa zake waliomba lisitajwe alikokuwa. Wengine hawakurudi, ama kwa kuwa nauli haikupatikana, ama kwa kuwa mlango uliokuwa wao ulikwisha kufungwa. Kwa watoto waliozaliwa baada ya hapo wazimu ukawa jambo lisilo na mwisho mwema, kwa sababu mwisho mwema hawakuwahi kuushuhudia.

Ndivyo jina la mahali lilivyogeuka kejeli. "Huyu wa Mirembe," tunasema, na hakuna anayeuliza maana. Katika masikio ya mtu wa ziwani kejeli hii ina uchungu wa pekee. Ng'ambo yetu ya kaskazini, kwa Waganda, mirembe ni amani. Waluhya husalimiana kwa mulembe, na maana ni hiyo hiyo. Msukuma akiulizwa hali yake naye hujibu kwa amani, mhola. Tumechukua neno ambalo watu wengi wa ziwa hili wangelitumia kumwombea mtu heri, tukalifanya kuwa la kumfukuzia barazani.

Sayansi ya wakoloni nayo ilitia mkono wake. J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari, Nairobi, hadi mwaka 1950, aliandikia Shirika la Afya Duniani kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, kikatoka mwaka 1953. Humo alimfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliandika juu ya Maumau, na uasi wa watu walionyang'anywa ardhi ukaelezwa kama tatizo la nafsi. Ukiyasoma hayo unafahamu kwa nini baba zetu hawakuyaamini sana majengo yale. Nyumba ambayo mkuu wake anadhani taifa zima lina kasoro ya ubongo haiwezi kumwambia mgonjwa mmoja kwamba yeye ni mgonjwa, akaamini.

Jibu kali zaidi lilitoka kwa daktari mwenzake. Frantz Fanon alitibu wagonjwa wa akili huko Blida, Algeria, kuanzia mwaka 1953 hadi 1956, kabla ya kujiunga na wapigania uhuru. Kitabu chake cha mwisho kilitoka mwaka 1961, na sura moja nzima ni ya vita vya ukoloni na maradhi ya akili. Humo Carothers anajibiwa kwa jina. Fanon alifariki tarehe 6 Desemba mwaka huo, siku 3 kabla ya uhuru wa Tanganyika. Kitabu hicho tunacho kwa Kiswahili tangu mwaka 1978, Viumbe Waliolaaniwa, kazi ya Clement Maganga na Gabriel Ruhumbika, na Ruhumbika ni mwana wa Ukerewe, kisiwa kinachofikika kwa meli kutoka bandari yetu ya Mwanza. Tumekisoma miaka hii yote kama kitabu cha siasa. Ni cha siasa, lakini kiliandikwa na mtu aliyeshinda wodini.

Mambo mawili yalilegeza mshiko wa nyumba zile za mbali. La kwanza ni dawa. Mwaka 1952, mjini Paris, ilionekana kwamba klopromazini humtuliza mgonjwa bila kumlaza usingizi wa siku nzima, na baada ya miaka michache ikawezekana mtu kutibiwa na kurudi kwake. La pili ni fikra ya Mwafrika. Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, kuanzia mwaka 1954, aliwapanga wagonjwa wa hospitali ya Aro, Abeokuta, wakae katika vijiji vya jirani pamoja na ndugu zao, wakihudhuria tiba mchana, na waganga wa jadi hawakufukuzwa. Tanzania ya Ujamaa iliipenda fikra ya kijiji. Kukaanzishwa vijiji ambamo wagonjwa waliopata nafuu walilima na kuishi, mfano Vikuruti, nje ya Dar es Salaam. Nia ilikuwa njema. Ila kijiji cha wagonjwa ni kijiji cha wagonjwa, hata kikiwa na shamba zuri, na ndugu wa Mwanza hakukikaribia zaidi ya alivyoikaribia Dodoma.

Katika miaka ya 1980 ulikuja mpango wa taifa wa afya ya akili, ukaanzia Morogoro na Kilimanjaro kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na wa Denmark. Shabaha yake ilikuwa kumfanya muuguzi wa zahanati aweze kumtambua na kumtibu mgonjwa hapo hapo. Wanaoikumbuka miaka ile wanajua ilikuwa ya foleni za sabuni na sukari, sembuse vidonge. Lakini wazo lilikuwa limebadilika: tiba imfuate mtu, asisafirishwe mtu kuifuata tiba.

Fasihi ya ziwa ilitangulia kuyaona haya. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944 na kutuaga mwaka 2020, aliandika riwaya zake mbili za mwanzo juu ya watu wa kisiwa chake wanaokufa kwa mikono yao wenyewe: Rosa katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, Kazimoto katika Kichwamaji ya mwaka 1974. Wahakiki walibishana juu ya maadili na juu ya falsafa ya ukanaji. Mimi huzisoma kama kumbukumbu za mahali ambapo kijana aliweza kuzama moyoni mbele ya watu wote na asipatikane wa kumwuliza. Pwani ilikuwa imekwisha kulisogelea jambo hilo kwa njia nyingine: Kitaru wa Ebrahim Hussein, katika Mashetani ya mwaka 1971, anaugua, na tamthilia nzima inauliza ugonjwa huo ni wake peke yake au ni wa jamii. Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa Waingereza haikuuliza swali hilo. Ilimhesabu aliyejaribu kujiua na akaokolewa kuwa mkosaji. Nchini Kenya kifungu cha aina hiyo kilibatilishwa na Mahakama Kuu Januari 2025.

Kuna tukio moja la Mwanza ambalo linanifanya niamini kwamba dharau si tabia yetu ya kuzaliwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika mjini. Walikufa watu zaidi ya 800, na wengi wamezikwa Igoma, hapa Nyamagana. Kwa miezi baada ya hapo mji ulikuwa na watu ambao hawakulala, watu waliokaa ufukweni tangu alfajiri wakimsubiri mtu, watu waliopiga kelele waliposikia honi ya meli. Sikumbuki kumsikia mtu akiwaita vichaa. Tulisema wamechanganyikiwa, neno la kitenzi, lenye mlango wa kutokea. Waliokuwa hivyo walipelekewa chakula, walikaliwa nao, hawakuulizwa wataacha lini. Ilipozama MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu 228, nililisikia tena neno lile lile la upole. Sababu ya ugonjwa ilikuwa machoni pa kila mtu, haikuhitaji kusafirishwa, na ikatutoka huruma bila kuhimizwa na yeyote.

Tena ziwa hili lilikwisha kubadili jina la ugonjwa mara moja. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo vilivyotoka Uganda. Ulikuwa ugonjwa wa kucheka, kisha wa kunong'ona. Katika vita hiyo ndipo neno unyanyapaa lilipopata umaarufu. Zamani kunyanyapaa kulikuwa ni kumkwepa mtu kwa kinyaa, kama mtu anavyovuta nguo yake isigusane na ya mwenzake. Neno la mwili kabisa. Mwaka 2008 Bunge letu lilitunga sheria mbili ambazo sijaona zikitajwa pamoja: sheria ya UKIMWI, iliyokataza unyanyapaa waziwazi, na Sheria ya Afya ya Akili, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni ya magonjwa ya akili. Ya kwanza ilifuatwa na redio, ngoma, kanga na mashairi. Ya pili wengi wa wanaohusika nayo hawajui kama ipo.

Miaka michache iliyopita niliombwa kufasiri karatasi ya maelezo kwa ajili ya familia zenye wagonjwa wa skizofrenia. Kabla ya kuchapwa nilikwenda kuwasomea baadhi ya wahusika. Alikuwepo mama mmoja, mtu mzima sana, amekuja kwa ajili ya mwanawe. Nilimwamkia, nikampa vichwa viwili achague: kimoja kilisema Wazimu, kingine Ugonjwa wa Akili.

"Mwalimu," akasema, "hiki cha kwanza nikikipeleka nyumbani, wake wenzangu watakisoma kabla yangu. Na hiki cha pili ni kile kile, kimevaa suti."

"Sasa tuandikeje, mama?"

"Andika kuumwa. Mwanangu anaumwa."

"Watu watauliza anaumwa nini."

"Si ndiyo vizuri? Waulize."

Karatasi ilitoka na kichwa Mtu wa Nyumbani Anapoumwa. Neno skizofrenia limo ndani, ukurasa wa pili, pamoja na majina ya dawa.

Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, juu ya kilima kinachoonekana kutoka sehemu kubwa ya Nyamagana, na humo kuna idara ya magonjwa ya akili. Anayetoka Mkuyuni au Igoma hupanda daladala asubuhi, hukaa benchi moja na mwenye presha na mwenye mimba, huchukua dawa zake na kurudi kabla jua halijatua, na majirani humwona akirudi. Wapo wanaosema nyumbani kwamba wamekwenda kupima sukari, na hakuna wa kuwabishia, maana lango ni moja. Jina la kilima hicho bado halijawa tusi. Mtu husema "natoka Bugando" ndani ya gari lililojaa, na wanachomwuliza ni kama foleni leo ilikuwa ndefu.